Mtumba na Namba Yake

Litapunga, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, ipo katika ukanda ambao neno mtumba lina maana mbili na hakuna anayezichanganya. Siku ya gulio, mitumba ni nguo za kuchagua. Msimu wa masoko ya tumbaku, mtumba ni majani yaliyokaushwa banini, yakachambuliwa kwa madaraja, yakashindiliwa na kufungwa kwa kamba, sasa yanasubiri mizani na mteuzi. Maana ya tatu imekwisha kusahaulika, nayo ndiyo mama wa hizo mbili. Zamani za misafara, mtumba ulikuwa mzigo wa bidhaa, hasa vitambaa, uliofungwa kwa kipimo cha bega la pagazi mmoja: frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au zaidi kidogo.

Maana tatu, na swali moja linalozipitia zote: mzigo ukishatoka machoni pa mwenyewe, nani anajua uko wapi? Siku hizi maghala makubwa ya dunia hulijibu kwa kipande cha plastiki chembamba kama jani, chenye chipu na antena, kinachoitikia kinapoulizwa kwa mawimbi ya redio. Wataalamu hukiita RFID. Hapa nitakiita lebo ya redio. Historia yake huandikwa kama habari ya maabara za Marekani. Mimi nataka kuisimulia nikiwa nimesimama Litapunga, kwa sababu tatizo ambalo lebo hiyo ilibuniwa kulitatua lilifika huku mapema sana, na mtu aliyelionja kwa uchungu tunamjua kwa jina.

Mtu huyo ni David Livingstone. Oktoba 1871 aliingia Ujiji akiwa mgonjwa, amekonda, ametoka Manyema kwa miguu. Matumaini yake yote yalikuwa kwenye bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja, vitambaa na shanga, ambazo ndizo zilikuwa fedha za bara. Bidhaa zilikuwa zimefika, lakini mtu aliyepewa kuzisimamia, aitwaye Sherif, alikuwa amekwisha kuziuza na kununua pembe za ndovu. Kwa hesabu aliyoiacha Livingstone mwenyewe, yadi 3,000 za vitambaa na ratili 700 za shanga zilikuwa zimeyeyuka. Sherif alijitetea kwamba alikuwa amepiga ramli kwa Qurani, akaonyeshwa kuwa mwenye mali amekwisha kufa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tazama basi kisa hiki. Daftari lilikuwapo. Bidhaa ziliandikwa Unguja, zikafungwa mitumba, zikakabidhiwa kwa wapagazi mtumba kwa mtumba. Kilichokosekana ni njia ya daftari la Unguja kujua jambo linalotendeka Ujiji. Kati ya kuandika na kuona palikuwa na miezi ya kutembea kwa miguu, na mali ilipotelea ndani ya miezi hiyo. Mwandishi wa habari Stanley alipomkuta, mzee alikuwa karibu kuishi kwa kuombaomba. Mwishoni mwa Desemba wawili hao waliondoka Ujiji, na Januari 1872 walikatisha nchi ya Wabende, ambayo leo imo katika Katavi, mvua ikiwanyeshea, wakielekea Unyanyembe karibu na Tabora ambako kulikuwa na shehena nyingine. Walipita katika miombo hii hii wakienda kuhakiki stoo.

Msafara ulikuwa na utaratibu wake wa kulinda mizigo, na haukuwa duni. Kirangozi alitangulia. Mnyapara aliwajua watu wake kwa majina, na kila pagazi alifungamana na mzigo wake: aliubeba ule ule kila siku, jioni aliulaza mahali palipoonekana, asubuhi aliuchukua tena. Mnyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi mara tano alikuwa na jina, na jina lake lilikuwa dhamana. Mtumba ulitambulika kwa mtu aliyekuwa chini yake. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu ambayo mashine bado haijaipata, maana mzigo ukipungua palikuwa na uso wa kuutazama na kuuliza. Udhaifu wake ni kwamba pagazi alipokimbia au kufa njiani, kumbukumbu ya mzigo ilikwenda naye.

Wazungu wa kwanza kujenga kituo upande huu walijaribu kuwakwepa wapagazi kabisa. Mwaka 1879 ofisa wa jeshi Mbelgiji Ernest Cambier alianzisha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka huo huo mfalme aligharimia ndovu wanne waliofunzwa, wakasafirishwa kutoka India ili wabebe mizigo kutoka pwani. Ni mmoja tu aliyefika Karema. Kiongozi wa msafara wa ndovu hao, Frederick Carter, aliuawa Mpimbwe mwaka 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead. Karema ikaendelea kulishwa na mabega ya watu hadi ilipokabidhiwa kwa mapadri wa White Fathers mwaka 1885, na muda mrefu baada ya hapo.

Kilichobadilisha kila kitu ni risasi, ile ya madini. Dhahabu ilikuwa imeanza kuchimbwa Mpanda miaka ya 1930, lakini risasi ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo. Huwezi kuifunga kwenye kitambaa ukaiweka mfukoni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni iliyochukua jina la mahali penyewe, Uruwira Minerals, ilikuwa na mwamba wenye risasi pamoja na shaba, fedha na dhahabu, ila haikuwa na njia ya kuutoa. Kwa ajili yake likajengwa tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, likishuka kusini hadi Mpanda. Lilikamilika mwaka 1950. Mgodi wenyewe haukudumu. Ulifungwa mwaka 1960, reli ikiwa na umri wa miaka kumi tu. Kama isingekuwa risasi ile, garimoshi la kwanza la Mpanda huenda lingengoja kizazi kingine.

Reli ilileta alama ya aina mpya. Behewa halina jina wala kijiji, lina namba iliyopakwa rangi ubavuni. Mzigo ukapata hati, hati ikapata nakala, na karani wa stesheni akawa mtu mwenye uwezo mkubwa kuliko mnyapara yeyote wa kale, maana yeye ndiye aliyeandika kwamba mzigo upo au haupo. Alisimama kando ya garimoshi na ubao na kalamu, akasoma namba za mabehewa moja baada ya jingine, kisha stesheni ya mbele ikasoma tena. Ajali za utaratibu huu ni za kibinadamu kabisa: saba inasomwa moja, mvua inalowesha karatasi, karani amechoka. Lakini jambo lililogeuka kimyakimya, na ambalo mimi naliona kubwa kuliko reli yenyewe, ni hili: kuanzia hapo mwenye mzigo na mwenye kujua mzigo ulipo wakawa watu wawili tofauti. Kwa kawaida pagazi na tajiri wake walitembea pamoja. Mkulima wa mahindi aliyepakia magunia yake Mpanda alibaki na kipande cha karatasi, akarudi nyumbani.

Wakati reli hiyo ikiwa bado inajengwa, Oktoba 1948, mhandisi Harry Stockman alichapisha nchini Marekani makala juu ya mawasiliano kwa nguvu inayoakisiwa. Wazo lake unaweza kumweleza mtoto yeyote aliyewahi kuchezea kioo juani. Kioo hakina moto wala betri, lakini mtoto aliye upande wa pili wa bonde akikiinamisha na kukiinua, wewe unaona mwako na unaweza kuusoma kama ishara. Stockman alisema vivyo hivyo kuhusu redio: kituo kimoja kitume mawimbi, na kifaa cha upande wa pili, kisicho na nguvu yake chenyewe, kiyarudishe yakiwa yamebadilishwa kwa namna inayobeba habari. Aliona pia kwamba kazi iliyobaki ni kubwa. Chipu hazikuwapo, na hata transista, iliyotangazwa mwaka huo huo, ilikuwa bado mtoto mchanga.

Kabla redio haijakomaa, reli za Marekani zilijaribu kwa macho. David Collins, akiwa katika kampuni ya Sylvania, alibuni utaratibu ulioitwa KarTrak: vipande vya rangi vinavyoakisi mwanga vilibandikwa ubavuni mwa mabehewa, na mashine kando ya njia ikavisoma garimoshi likipita. Mwaka 1967 kampuni za reli zilikubaliana kuutumia. Mwaka 1977 ziliuacha. Kilichoushinda ni uchafu. Vibandiko vilipakwa tope na vumbi na havikuoshwa, na namba nyingi zikawa hazisomeki. Aliyewahi kupanda garimoshi la Mpanda wakati wa kiangazi, akashuka nyusi zikiwa nyekundu, hahitaji kuelezwa zaidi. Reli hizo zilirudi na lebo za redio mwaka 1991, na kufikia mwisho wa 1994 mabehewa yao zaidi ya milioni moja yalikuwa yamevikwa. Redio hupenya vumbi, macho hayapenyi.

Sasa turudi huku, mwaka 1973. Mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 yalikuwa yamevusha maelfu ya watu mpaka, na serikali ya Tanzania, ikishirikiana na mashirika ya kimataifa, ikawafungulia makazi katika misitu ya magharibi: Ulyankulu, kisha Katumba kando ya reli ya Mpanda, na baadaye Mishamo mwaka 1978. Katumba ndiyo iliyobadilisha uso wa ukanda huu. Miombo ilifyekwa, mahindi, maharage na mihogo vikapandwa, na tumbaku ikashika udongo wa kichanga. Mwaka huo huo wa 1973, tarehe 23 Januari, Mario Cardullo alipewa hataza nchini Marekani kwa lebo ya redio yenye kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya. Alikuwa ameifikiria kwa ajili ya magari yanayolipa ushuru wa barabara. Charles Walton naye, mwaka huo huo, alipata hataza ya ufunguo wa mlango unaotambuliwa kwa redio. Hakuna uhusiano wowote kati ya Katumba na hataza hizo zaidi ya kalenda. Nataja kwa sababu kalenda hiyo inaniuma kidogo.

Inaniuma kwa sababu mkimbizi wa Katumba hakuruhusiwa kutoka katika makazi bila kibali. Mtumba aliouchambua kwa mikono yake, akaufunga yeye na mkewe kwa taa ya kibatari, ulisafiri hadi viwanda vya kusindika tumbaku vya Morogoro, karibu kilomita 1,000, bila kuzuiwa na yeyote. Yeye mwenyewe alihitaji karatasi ili avuke mpaka wa makazi. Watu hao walijifunza mapema kuliko wengi uzito wa namba, kadi na orodha, na walijua kwamba jina lisilo kwenye orodha halipokei kitu. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya waliokimbia mwaka 1972 na watoto wao, na Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Leo ni raia, wakazi wa Nsimbo, wanapiga kura, na wengi bado wanafunga mitumba.

Mtumba wa tumbaku una safari yenye vituo vingi, na kila kituo kinataka kuandika. Mkulima amechukua pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na deni lake liko kwenye daftari la chama. Siku ya soko mtumba unapimwa, mteuzi anaufungua, anaupa daraja, mnunuzi anaukubali au anaukataa. Kipande cha karatasi chenye namba kinaambatana nao. Kwa miaka mingi bei ilitajwa kwa dola na malipo yalikuja kwa shilingi, na kati ya siku ya bei na siku ya malipo kuna kungoja ambako kila mkulima wa tumbaku nchini anakujua. Tumbaku yenyewe haingoji salama. Ikikaa ghalani hukauka na kupungua uzito, au hufyonza unyevu na kuota ukungu. Mtumba uliokaa wiki sita kwenye ghala la mabati si mtumba uliopimwa siku ile, ingawa namba yake ni ile ile.

Hapa ndipo tunapokutana na maabara tena, safari hii kwa njia ya ng'ombe. Miaka ya 1970 watafiti wa Los Alamos, maabara ileile iliyozaa bomu la atomiki, waliombwa na wizara ya kilimo ya Marekani watengeneze lebo ya redio ya kutambua ng'ombe mmoja mmoja. Wakafanya hivyo, na matokeo ya kazi yao yakachapishwa mwaka 1975. Teknolojia ambayo baadaye ingehesabu makasha ya sabuni ilikuwa imejaribiwa mapema kwa kuhesabu mifugo. Kwa Msukuma aliyehamia Katavi na ng'ombe mia tatu jambo hilo halishangazi. Yeye humtambua kila mnyama kwa rangi na pembe, na akikosekana mmoja anajua kabla hajamaliza kuhesabu.

Lebo hizo zilipata ghala lao miaka ya 1990. Kijana Mwingereza, Kevin Ashton, alikuwa anafanya kazi katika kampuni ya Procter & Gamble, akigundua kila mara kwamba rangi fulani ya midomo imekwisha kwenye rafu za maduka wakati kompyuta inasema ipo. Somo lake lilikuwa lile la Ujiji, ila safari hii daftari lilikuwa la umeme. Mwaka 1999 yeye na wahandisi wa chuo cha MIT, akiwamo Sanjay Sarma, walifungua kituo cha utafiti kwa wazo moja rahisi na la busara. Badala ya kujaza kumbukumbu nyingi kwenye lebo na kuifanya ghali, waliipa namba tupu, na habari zote wakaziweka kwenye mtandao. Lebo ingekuwa kama jina la mtu, na mambo yake yangekaa kwenye daftari la mbali. Lengo lilikuwa lebo ya senti tano za dola.

Juni 2003 kampuni ya maduka ya Walmart ikawatangazia wauzaji wake 100 wakubwa kwamba kufikia Januari 2005 makasha na shehena zao zivae lebo. Jeshi la Marekani likatoa agizo la namna hiyo. Wengi waliopewa amri hawakuona faida yake upande wao: gharama ya lebo ililipwa na mwenye kupeleka mzigo, na faida ya kujua ilivunwa na mwenye kupokea. Wakabandika kwa shingo upande, na amri ile haikufika kule ilikotazamiwa. Teknolojia ilikuja kustawi baadaye na kwa utulivu zaidi, hasa kwenye nguo, pale ambapo anayebandika na anayesoma ni mtu yule yule.

Jinsi inavyofanya kazi ghalani ni jambo zuri kulitazama. Mlangoni panasimikwa antena, moja kila upande. Forklifti ikipita na shehena ya makasha hamsini, antena zinatuma mawimbi, lebo zote hamsini zinajipatia nguvu kutokana na mawimbi hayo hayo, kila moja inataja namba yake, na kompyuta inaandika: zimeingia, saa fulani, mlango fulani. Hakuna aliyefungua kasha wala kugeuza kibandiko kitazame juu. Lebo isiyo na betri husomwa kutoka mita kadhaa, na mamia yanaweza kusomwa kwa sekunde. Kazi ya makarani ya siku nzima inakuwa kazi ya dereva kupita mlangoni.

Lebo ina maadui wawili, maji na chuma. Maji hufyonza mawimbi, chuma huyarudisha. Weka lebo juu ya ndoo ya asali ya Inyonga na itasikika kwa shida. Ibandike kwenye pipa la bati bila kuitenga na haitasikika kabisa. Ghala la mabati lenyewe huwa kama chumba cha mwangwi: mawimbi yanagonga paa na kuta, yanafika kona ambayo hukuikusudia, na mashine inaapa kwamba mzigo uliolala umepita mlangoni. Mafundi hupunguza nguvu, huelekeza antena upya, huweka ngao. Na ingawa lebo haihitaji umeme, kisomaji na kompyuta vinauhitaji, katika mkoa ambao makao yake makuu, Mpanda, yaliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi.

Kuna jambo jingine ambalo lebo haiwezi kabisa, nalo ndilo linalomuumiza mkulima wa mahindi wa huku. Haiwezi kuiona lumbesa. Mnunuzi akija shambani na gunia lake, akalijaza, akaliongezea shingo ya kamba na kofia ya mahindi juu, gunia hilo kwenye mfumo wowote ni gunia moja. Lebo itasema kwa uaminifu kamili: namba hii, moja. Sheria ya Vipimo imekataza, mzigo usizidi kilo 100, na maofisa wamekamata watu barabarani, lakini dawa ya lumbesa ni mizani na mtu mwenye nia njema kando yake. Namba inatambulisha gunia. Haisemi kilichomo.

Lebo za redio zilipoufikia ukanda huu kwa amri ya serikali, zilikuja masikioni mwa ng'ombe. Tanzania ilikuwa na sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tangu mwaka 2010, na mwaka 2022 wizara ilihimiza hereni za kielektroniki nchi nzima, kwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe au punda na 1,000 kwa mbuzi au kondoo, mwisho ukiwa Oktoba 31. Wafugaji walilalamika. Mwenye ng'ombe mia mbili alitakiwa atoe shilingi 350,000 kwa kitu ambacho hakukiomba. Wabunge walilibeba jambo hilo na zoezi likasimamishwa. Juni 2025 utambuzi ulirudi katika kampeni ya kitaifa pamoja na chanjo, safari hii hereni zikiwa bure. Ukizisoma habari za Walmart na habari za hereni moja baada ya nyingine, unaona mgomo ule ule wenye sababu ile ile.

Mwaka 2005, mwaka ule ule Walmart ilipotaka lebo zake, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Stakabadhi za Ghala. Sijui kama kuna sheria nyingine ya mazao inayobishaniwa na wakulima kiasi hicho hadi leo, wengine wakiisifu, wengine wakililia malipo yanayochelewa. Lakini shina lake ni safi. Mkulima akiweka mazao kwenye ghala lililopewa leseni, anapewa hati yenye nguvu ya kisheria inayosema kiasi na ubora wa mali yake. Anaweza kuipeleka benki kama dhamana, na mwendesha ghala anawajibika kwa kila kilo. Mfumo ulianza kushika kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/2008, kisha ukasambaa kwenye ufuta, mbaazi na mazao mengine. Baadaye Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kwa mkopo wa Poland, ulijenga vihenge vya chuma na maghala katika maeneo manane, Mpanda likiwa mojawapo, ili uwezo wa kuhifadhi nafaka nchini utoke tani 251,000 hadi 501,000. Ndani ya kihenge hakuna gunia la kubandika lebo. Mahindi ya Litapunga na mahindi ya Karema yanakuwa rundo moja, na mizani ya mlangoni ndiyo shahidi wa mwisho.

Hati ile ndiyo inayonifanya niamini kwamba lebo ya redio inaweza kuwa na maana huku, kwa masharti. Stakabadhi ilirudisha mkononi mwa mkulima kile alichonyang'anywa tangu siku za reli: uthibitisho kwamba mali ipo na ni yake. Haikumrudishia kuona. Lebo inaweza kuona, ila katika kila historia niliyoisimulia imeona kwa niaba ya mwenye ghala, mwenye duka, mwenye reli au mwenye kodi. Viunganishe viwili hivyo na utapata kitu ambacho hakijawahi kuwapo tangu pagazi aweke mzigo chini. Mtumba unapopita mlango wa ghala la chama, unapopakiwa, unapopimwa upya Morogoro, namba yake isomwe, na usomaji huo uende pande mbili: kwenye kompyuta ya mnunuzi, na kama ujumbe mfupi kwenye simu ya kitochi ya aliyeulima. Uzito wa Litapunga na uzito wa Morogoro viandikwe pamoja, ili upungufu uwe na mahali ulipotokea na saa uliyotokea. Gharama ya lebo ilipwe na anayefaidika zaidi na kujua. Hakuna uchawi wa kihandisi hapo. Ujumbe wa simu tayari unamfikia mkulima kuhusu fedha. Hauna sababu ya kushindwa kumfikia kuhusu mtumba.

Njia zenyewe zinazidi kuwa nyingi. Barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Koga imeifikia Mpanda, na Karema, pale Cambier alipongoja ndovu, pana bandari mpya inayotazamana na Kalemie ng'ambo ya ziwa. Shehena inayoshuka Dar es Salaam inaweza kupita hapa ikielekea Kongo. Mamlaka za mapato za Afrika Mashariki kwa zaidi ya mwongo mmoja zimekuwa zikiyafunga malori ya namna hiyo kwa lakiri za kielektroniki, na ofisa aliye umbali wa mamia ya kilomita anaona kwenye ramani lori limesimama wapi na mlango wake umefunguliwa lini. Lori la mgeni linalopita njiani linajulikana lilipo kila dakika.

Mtumba wa Litapunga bado unapanda lori na karatasi yake. Kabla haujapakiwa, mwenye mtumba huisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, na mtoto wake anaiandika nyuma ya daftari la hesabu la shule, chini ya zile za mwaka jana.